Mvua ya Machi ni ya nani?

Bi Mvua wa Pumwani, mpima hali ya hewa mstaafu, anajibu maswali ya wasomaji

SWALI: Shikamoo Bi Mvua. Tarehe 14 Februari 2023 nilikuwa Uwanja wa Nyayo tulipoiombea nchi mvua, Rais akiwepo. Mwezi wa tatu ulipofika, mvua ikamwagika. Kijana wangu wa kidato cha tatu anasema mbele ya wageni kwamba mvua ile ililetwa na kwisha kwa La Niña, na kwamba hata tungebaki nyumbani ingenyesha. Mimi nasema Mungu alisikia. Kila mawingu yakitanda tunaanza upya. Tuamue.
Mama wa Kayole

JIBU: Marahaba mama. Hilo la mbele ya wageni mlimalize wenyewe, mimi si mzee wa nyumba yenu. Tuje kwenye mvua, ambayo ndiyo iliyonilisha maisha yangu yote ya kazi.

Tukumbuke tulikotoka. Kuanzia vuli ya 2020 hadi vuli ya 2022, misimu mitano mfululizo iliwaangusha watu wa kaskazini na mashariki mwa nchi. Mifugo zaidi ya milioni 2 ilikufa hapa Kenya. Na kweli, katika miaka hiyo mitatu La Niña ilikaa bila kubanduka. Yaani maji ya juu ya Bahari ya Pasifiki, sehemu ya kati na ya mashariki, yalikuwa ya baridi kuliko kawaida, na yale ya moto yakasukumwa na upepo upande wa Indonesia. Kule hewa ikawa inapanda na kumwaga mvua, huku kwetu ikawa inashuka. Hewa inayoshuka haijengi wingu la maana. La Niña hiyo ikaisha Machi 2023. Kijana wako amesoma vizuri.

Lakini asishangilie mapema. Siku chache baada ya maombi ya Nyayo, ICPAC, kituo cha utabiri wa hali ya hewa cha nchi za kanda yetu, ambacho makao yake yako huku kwetu upande wa Ngong, kilitoa utabiri wa masika. Ulisema sehemu kubwa ya Pembe ya Afrika ilielekea kupata mvua chini ya kawaida, na tahadhari ikatolewa kwamba huenda msimu wa sita nao ukaanguka. Kisha Machi ikaja, mvua ikanyesha, na sehemu nyingi ikapita kiwango cha kawaida, mafuriko juu yake. Yaani mtu aliyeishika karatasi ya wataalamu siku ile hakuwa na sababu ya kununua mbegu.

Wala hilo halikuwashangaza waliozeeka kwenye kazi hii. Vuli hufuata bahari, ndiyo maana inatabirika kiasi. Masika ni kaidi. Husukumwa na mambo yanayozaliwa na kufa ndani ya wiki chache, kama lile wimbi kubwa la mawingu linaloizunguka dunia kandokando ya ikweta kwa mwezi mmoja hadi miwili. Kwa hiyo "La Niña imekwisha, basi mvua imekuja" ni maelezo mepesi mno kwa masika ya 2023, na kijana akiyaleta tena mwambie nimesema hivyo.

Sasa tazama utabiri ule ulivyofanywa. Uliandikwa na kutiwa tarehe kabla ya mvua. Ulitaja asilimia: uwezekano wa mvua juu ya kawaida ni huu, wa kawaida ni huu, wa chini ni huu. Halafu kila asubuhi saa tatu, vituoni kote, mtu alikwenda kwenye kipimamvua akamimina maji kwenye silinda, akainama mpaka jicho likawa sawa na uso wa maji, akaandika milimita na sehemu yake ya kumi. Dagoretti Corner, makao makuu ya Idara ya Hali ya Hewa, tulifundishwa kwamba namba iliyoandikwa kimakosa haifutwi. Unaikata kwa mstari mmoja, mpya inaandikwa kando, na ya zamani inabaki ikisomeka. Hakuna aliyeniuliza kama nimeswali alfajiri. Angekuja Mhindu, Mlokole au mtu asiyeamini chochote, silinda ingemsomea namba ileile. Na msimu ulipokwisha, vitabu hivyo vyenye namba zake vililinganishwa na utabiri, wataalamu wakarudi mezani kuuliza walichokosa.

Dua haina kitabu cha namna hiyo. Nilipokuwa mtoto Majengo, ukame ukizidi wazee walitutoa uwanjani kwa swala ya kuomba mvua. Tulivaa nguo kuukuu, na imamu alikuwa akiligeuza joho lake, la kulia likaenda kushoto. Kabla ya siku hiyo watu walikumbushwa kulipa madeni, kurudisha walichodhulumu na kutoa sadaka. Mvua isiponyesha tulitoka tena. Sikumbuki mzee hata mmoja aliyesema, "Basi, tumejaribu, haifanyi kazi."

Kijana wako atasema huo ni ujanja: mchezo ambao huwezi kushindwa. Ana haki ya kusema hivyo, kwa sababu jambo lisiloweza kushindwa haliwezi pia kudai limeshinda. Na hapo, mama, ndipo ninapokukatalia. Ukitaka kuiandika Machi 2023 kuwa ushahidi, lazima uandike pia dua za 2021 na za 2022. Watu wa Mandera na Marsabit waliomba miaka hiyo, tena wakiwa na njaa kuliko mimi na wewe. Uiandike na masika ya 2024, maji yalipowabeba watu usiku kule Mathare. Hayo nayo yalikuwa majibu? Ya dua ya nani? Biblia yako yenyewe inakuonya, "Usimjaribu Bwana Mungu wako," na inasema kwamba yeye huwanyeshea mvua wenye haki na wasio haki. Ukianza kumhesabia Mungu mabao, utalazimika kuhesabu na yaliyofungwa upande wa pili.

Wako waliojaribu kuipima dua kisawasawa. Mwaka 2006 huko Marekani yalitolewa matokeo ya utafiti wa wagonjwa 1,802 waliofanyiwa upasuaji wa moyo katika hospitali sita. Kundi moja liliombewa na watu wasiowajua, jingine halikuombewa, na yote mawili hayakuambiwa lipi ni lipi. Matatizo baada ya upasuaji yaliwapata asilimia 52 ya walioombewa na asilimia 51 ya wasioombewa. Kundi la tatu liliombewa na likaambiwa wazi kwamba linaombewa: asilimia 59. Rafiki yangu asiyeamini alinipigia simu akicheka. Nikamuuliza, na wale wasioombewa, mama zao nao walizuiwa kuomba? Utafiti ule ulipima kitu kimoja, maombi ya wageni kwa ratiba, na kwa hicho kimoja jibu lake nalikubali. Nisingetaka dini yangu isimamie juu ya tofauti ya asilimia saba hata kama ingekuja upande wetu.

Najua kuna jibu tamu ambalo wengi hupenda kulitoa hapa, kwamba sayansi hueleza vipi na dini hueleza kwa nini, kila mtu akae kwake. Halinitoshi. Kwa nini hewa ilishuka juu ya Garissa ni swali la kwa nini, na limejibiwa na bahari. Dini nazo husema mengi sana juu ya vipi. Mimi naona tofauti katika lile ambalo kila moja linakudai. Kipimamvua kinakudai useme mapema, uandike, kisha ukubali namba hata ikikuaibisha. Ile swala ya uwanjani ilitudai kitu kingine kabisa: nani anakudai? Umemla nani? Bahari ya Pasifiki iliwanyima Mandera mvua, lakini haikuwanyima unga. Mwaka 2022 unga ulikuwa madukani hapa Nairobi, pakiti ya kilo mbili imepita shilingi 200, lakini upo. Kwamba kuna aliyelala njaa ukiwepo, hilo halikuandikwa katika kitabu changu cha milimita, na sikuwa na safu ya kuliandikia.

Uamuzi wangu ni huu. Wewe mshukuru Mungu kwa mvua kila inaponyesha, wala usimwombe mwanao ruhusa. Usiitumie kumshinda kwenye ubishi. Naye aseme ingenyesha vilevile, ni hoja halali, ila asiwaite wajinga watu waliosimama juani Nyayo. Na kama anazipenda hizi habari, mtafutie kopo lililonyooka, aliweke mahali pa wazi mbali na paa, apime kila siku saa tatu asubuhi. Milimita moja ya mvua ni lita moja kwa kila mita ya mraba. Baada ya msimu mmoja ataongea kwa upole zaidi kuhusu utabiri.

SWALI: Bi Mvua, kaka yangu ameishi na virusi vya UKIMWI kwa miaka mingi akimeza ARV bila shida. Majuzi alienda mkutano wa injili, mhubiri akamwekea mikono na kumwambia amepona, na kwamba kuendelea na vidonge ni kukosa imani. Ameviacha. Nikimsemesha ananiita mpinga Kristo. Wewe unaheshimu dini, nisaidie namna ya kuongea naye.
Dada mtu, Dandora

JIBU: Mwanangu, arudie dawa leo. Usingoje amalize ubishi wa imani ndipo ameze.

Hapa hatuko tena kwenye mambo ya mama wa Kayole. Mhubiri huyo hakumwombea kaka yako tu. Ametoa habari kuhusu damu, kwamba haina virusi. Habari ya damu ina kipimo chake, kipimo cha wingi wa virusi, na anayeitoa hawezi kukimbilia nyuma ya madhabahu anapotakiwa kuionyesha.

Ujihadhari na mtego mmoja. Kwa mtu anayemeza dawa vizuri, virusi hushuka mpaka kipimo hicho hakivioni. Kwa hiyo kaka yako angepimwa asubuhi ya pili yake, huenda karatasi ingetoka safi, na mhubiri angeipunga jukwaani. Usafi huo ungekuwa kazi ya vidonge alivyomeza mpaka jana. Dawa hizi huvibana virusi, hazivimalizi. Vingine hujificha ndani ya chembechembe za mwili, na dawa ikikatika huanza kuzaana upya, kwa wengi ndani ya wiki chache. Atajiona mzima kwa muda, na uzima huo ndio utakaomdanganya.

Usishindane naye kwa maneno ya sayansi, hatakusikia. Mimi si mtu wa Injili, lakini nimeishi na majirani Wakristo Pumwani na wamenisomea mengi. Katika Luka, wale wakoma kumi walipomlilia Yesu, aliwaambia, "Enendeni, mkajionyeshe kwa makuhani." Katika sheria ya Walawi kuhani ndiye aliyekuwa akikagua ngozi na kutamka kama mtu ni safi au la. Yaani waliotumwa na Yesu mwenyewe walipelekwa kukaguliwa. Muulize kaka yako kwa upole: mhubiri wako ataandamana nawe kliniki? Na baada ya mwezi, na baada ya miezi mitatu, atakuwepo?

Akirudi, awaambie ukweli kwamba aliacha na tangu lini. Wahudumu wa CCC, kliniki ya wanaoishi na virusi, wameshasikia habari kama hizi, wanahitaji kujua ili wampime na wamshauri. Kanisa aendelee nalo akipenda, ila alichague upya. Tangu ile miili zaidi ya 400 ifukuliwe msituni Shakahola, wengi wao waumini na watoto wao, subira yangu kwa wanaotumia jina la Mungu kumnyima mtu chakula au dawa imekwisha.

SWALI: Bi Mvua, kwa nini kila mwaka Waislamu tunagombania mwezi? Simu yangu ina programu inayonionyesha ulipo hadi dakika. Kuna haja gani ya kupanda juu ya paa?
Kijana wa Eastleigh

JIBU: Programu yako inasema kweli. Mwezi huchukua wastani wa siku 29, saa 12 na dakika 44 toka kuandama hadi kuandama, na hesabu yake imejulikana kwa karne nyingi, tena Waislamu wakiwa mbele katika kuifanya. Itumie kuwakataa mashahidi: kama mwezi ulizama Nairobi kabla ya jua, hakuna aliyeuona, hata awe nani. Lakini amri ni kufunga kwa kuuona na kufungua kwa kuuona. Kama kuuona huko ni kwa jicho, kwa darubini au kwa hesabu, na kama Nairobi ifuate Makka au ifuate upeo wake yenyewe, hayo ni ya mafakihi na Kadhi Mkuu. Simu haina rai.

Ila nikupe kisa ninachokipenda. Siku alipofariki Ibrahim, mwana mdogo wa Mtume, jua lilipatwa, na watu wakasema limepatwa kwa sababu ya kifo chake. Hebu fikiria, baba aliyefiwa, na mji mzima uko tayari kuamini kwamba mbingu zinamlilia mwanawe. Akawakatalia. Jua na mwezi, akasema, ni ishara mbili za Mwenyezi Mungu, hazipatwi kwa kufa kwa mtu wala kwa kuishi kwake. Akasali, akawaamrisha wasali. Wanaanga wakirudisha hesabu nyuma hukuta kupatwa huko tarehe 27 Januari 632. Jua lilipopatwa hapa Kenya Novemba 2013, watalii walikwenda Turkana na miwani yao, na sisi Majengo tukaswali swala ya kupatwa kwa jua. Mimi nilifanya yote mawili, miwani niliazima.

SWALI: Nafundisha shule ya Jumapili Kawangware. Wazazi wameomba watoto wapelekwe Makumbusho ya Taifa, lakini kule kuna mifupa ya yule Kijana wa Turkana, binadamu wa kale. Naogopa maswali. Niwapitishe upande mwingine?
Mwalimu wa Jumapili

JIBU: Usiwapitishe upande mwingine. Hauko peke yako katika woga huo: mwaka 2006, makumbusho yakifanyiwa ukarabati, baadhi ya viongozi wa makanisa walitaka mifupa ile isipewe nafasi ya mbele. Makumbusho yalipofunguliwa tena 2008 ilikuwepo, na makanisa hayajafungwa kwa ajili yake.

Waonyeshe kwanza kazi ya mikono. Aliyekiona kipande cha kwanza, mwaka 1984 huko Nariokotome magharibi mwa Ziwa Turkana, ni Kamoya Kimeu, Mkenya, mtu wa jicho ambalo wasomi wa dunia nzima walilionea wivu. Kipande kidogo cha fuvu katikati ya changarawe za rangi ileile! Mpaka wanamaliza kuchimba walikuwa wamepata sehemu kubwa ya mwili wa mtoto mmoja wa kiume. Kisha waeleze umri ulivyojulikana, maana watoto hudhani mtu alikisia tu. Mifupa ilikuwa kati ya tabaka za majivu ya volkano, na majivu hayo yana potasiamu ambayo sehemu yake hugeuka kuwa gesi ya argoni polepole, kwa kasi inayojulikana. Ukipima kilichogeuka unapata umri wa majivu, na mifupa iliyo katikati inakuwa na umri wa katikati: karibu miaka milioni 1.5. Anayeona si kweli ana njia, apime majivu hayo upya na aonyeshe namba nyingine. Kupiga kelele hakubadilishi argoni.

Ukiulizwa kama Mungu alimuumba mtoto huyu, usimsukumie swali kiongozi wa watalii. Hajaajiriwa kulijibu, na wewe ndiye wanayemwita mwalimu. Wakristo wengi husoma Mwanzo bila kuitafutia miaka, wengine huzihesabu siku sita kama siku. Jibu unavyoamini, ila usiwaambie mifupa ni ya plastiki ati wasisumbuke. Watakua, watasoma biolojia, watakumbuka ni nani aliyewaambia hivyo, na siku hiyo hawataacha kuamini habari ya mifupa peke yake. Unaweza pia kuwaambia kwamba Louis Leakey, ambaye jamaa yake ilivuma kwa uchimbaji huu wa Afrika Mashariki, alizaliwa Kabete mwaka 1903, mtoto wa wamishenari wa Kianglikana.

Nenda asubuhi kabla mabasi ya shule hayajajaa. Na uanzie kwenye mifupa. Pale pale kuna bustani ya nyoka, na watoto wakishamwona chatu hakuna mwalimu, wa sayansi wala wa Jumapili, atakayewarudisha ndani.